Kabla ya kusoma matokeo, soma rejista

Je, msomaji mpenzi, umewahi kuingia katika ofisi ya mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya umma ukautazama ukuta? Katika ofisi nyingi utakuta karatasi mbili kubwa za manila. Ya kwanza ni ya matokeo ya mitihani, mwaka baada ya mwaka. Ya pili ni ya idadi ya wanafunzi, darasa kwa darasa, wavulana safu hii na wasichana safu ile. Wageni wengi huikodolea macho ile ya kwanza na kuipa mgongo ya pili. Leo nakualika tusafiri kutoka Migori hadi Homa Bay, ujionee kwa nini hiyo ya pili ndiyo yenye habari.

Tuanze mjini Migori, kwenye barabara kuu iendayo Isebania mpakani na Tanzania. Huu ni mji wa mchanganyiko. Sokoni utasikia Kijaluo, Kikuria, Kigusii, Kiluhya, Kisomali, na Kiswahili cha pande zote mbili za mpaka. Watoto wa wachuuzi hao hukaa dawati moja. Sera ya elimu husema madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo, na palipo na mchanganyiko Kiswahili kitumike. Hivyo mtoto wa mjini Migori huanza na Kiswahili, mwenzake wa Ndhiwa na Kijaluo, na yule wa Kehancha na Kikuria. Hatimaye wote watatu huandikia mtihani mmoja ambao, ukiondoa somo la Kiswahili, huulizwa kwa Kiingereza. Mbio ni zile zile, lakini hawakuanzia mstari mmoja.

Ukiteremka magharibi utafika Nyatike, yaliko machimbo ya Macalder. Mgodi mkubwa wa huko ulifungwa katika miaka ya 1960, lakini wachimbaji wadogo hawajaacha kuisaka dhahabu. Mtoto anayechota maji au kuosha mchanga wa dhahabu hulala na shilingi mfukoni siku hiyo hiyo. Shule nayo humwahidi malipo baada ya miaka kumi na zaidi. Hapo mwalimu ana kibarua kigumu.

Upande wa mashariki ni Kuria. Huko msimu wa tohara huja hasa likizo ya Desemba, na ingawa sheria ya mwaka 2011 imepiga marufuku ukeketaji, bado wapo wasichana wanaopitishwa kisuni na kuhesabiwa kuwa tayari kuolewa. Shule zinapofunguliwa Januari, mwalimu huita jina na asipate jibu.

Sasa panda matatu uelekee kaskazini. Utapita Awendo penye mashamba ya miwa, kisha Rongo, ambapo utashika kushoto kupitia Rodi Kopany hadi mjini Homa Bay, chini ya kilima cha Asego. Mbele yako ni Ziwa Victoria. Ukiendelea hadi Mbita utavuka daraja uingie Rusinga, kisiwa alikozikwa Tom Mboya.

Ni mandhari ya kupendeza, lakini ziwa nalo lina ratiba yake. Omena huvuliwa usiku wa giza kwa taa, na kukicha huanikwa ufuoni. Mvulana aliyekesha majini akija shuleni huja kusinzia. Na kuna jambo zito zaidi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa katika kila watu wazima 100 wa Homa Bay, takriban 20 waliishi na virusi vya Ukimwi, ilhali nchini kote walikuwa kama 5. Dawa zimeokoa maisha ya wengi, lakini ugonjwa huo umeacha mayatima, na bibi wengi wamegeuka kuwa wazazi mara ya pili. Utafiti mwingine, wa mwaka 2022, ulionyesha kuwa katika kila wasichana 100 wa umri wa miaka 15 hadi 19, 23 walikuwa wamewahi kushika mimba, Homa Bay na Migori sawia. Wastani wa nchi ulikuwa 15.

Turudi sasa kwenye ule ukuta. Wahenga walinena, usione vyaelea, vimeundwa. Tuseme shule moja iliandikisha watoto 60 darasa la kwanza, wakafika 25 kwenye mtihani, na wastani wao ukawa wa kupigiwa makofi. Jirani yake iliandikisha 60, ikawafikisha 55, wakiwemo yatima na msichana aliyerudi baada ya kujifungua, na wastani ukawa wa chini. Ipi imefanya kazi? Wastani huwahesabu waliofika tu. Wale 35 waliopotea njiani hawapunguzi hata alama moja.

Ndiyo maana zamani za KCPE baadhi ya shule zilijua ujanja wa kuwakaririsha wanyonge darasa, au kuwasajili kwingine, ili jina la shule ling'ae. Mwaka 2014 serikali ilipiga marufuku kupanga shule kwa nafasi. KCPE yenyewe iliagwa mwaka 2023, na sasa tuna tathmini ya Gredi ya 6, lakini tamaa ya kulinganisha shule haijazikwa.

Kumbuka pia Januari 2003, elimu ya msingi ilipofanywa bila malipo. Wanafunzi nchini waliongezeka kutoka kama milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Pale ambapo alama zilishuka, je, walimu walikuwa wamezembea, au watoto waliokuwa nje walikuwa wameingia ndani?

Basi mzazi mwenzangu, ukienda shuleni kuuliza matokeo, uliza na haya: Walioanza walikuwa wangapi? Waliobaki ni wangapi? Wasichana wako wapi? Na aliyejifungua amekaribishwa tena, kama sera inavyoruhusu tangu mwaka 1994? Ukisikia jina limeitwa mara tatu bila jibu, na mtoto huyo unamjua, usingoje mwalimu. Pitia kwao jioni hiyo hiyo.