Kijiji, Mji, Manispaa na Jiji: Safari ya Barabara ya Mbeya

Leo twawaalika safarini. Hatwendi ng'ambo, wala hatupandi ndege. Twapanda basi Dar es Salaam, twashika barabara kuu ya kwenda Mbeya, mwendo wa kilomita 830 hivi. Wengi wenu mmekwisha kupita njia hii mkienda kumwona mgonjwa, kupeleka mtoto shuleni au kuuza mazao. Lakini leo tuitazame kwa jicho lingine. Kando ya barabara hii zipo ngazi zote za miji ya Tanzania Bara, toka mji mdogo mpaka jiji. Yafaa tuzijue ngazi hizo, maana miji yetu inakua upesi. Siku moja mpaka wa mji waweza kufika kijijini kwako, na ukifika, jambo la kwanza kuulizwa litakuwa shamba lako.

Basi tuanze. Kituo kikubwa cha mabasi ya mikoani kipo Mbezi. Ukimwuliza abiria, "Tuko wapi?" atakujibu, "Tuko jijini." Kwa mazungumzo, ni kweli. Kwa sheria, bado. Mkoa wa Dar es Salaam una halmashauri tano. Moja tu ndiyo Halmashauri ya Jiji, nayo ndiyo iliyokuwa Manispaa ya Ilala mpaka mwaka 2021. Nne zilizobaki ni manispaa: Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Mbezi imo Ubungo. Kwa hiyo wewe unayedhani umepandia basi jijini, umepandia katika manispaa!

Mji huu ulianza kujengwa na Sultani Majid wa Unguja katika miaka ya 1860, karibu na kijiji cha wavuvi kilichoitwa Mzizima. Mwaka 1891 Wadachi waliufanya makao makuu ya utawala wao. Mwaka 1949, wakati wa Waingereza, ukawa manispaa yenye meya. Mwafrika wa kwanza kushika umeya alikuwa Sheikh Kaluta Amri Abedi, mwaka 1960, yule yule mshairi aliyeandika kitabu cha sheria za kutunga mashairi. Mwaka 1961, Tanganyika ilipopata uhuru, Dar es Salaam ikapewa cheo cha jiji. Ilikaa peke yake katika cheo hicho miaka mingi sana. Mwanza ilipata mwaka 2000, Mbeya na Tanga mwaka 2005, Arusha mwaka 2012 na Dodoma mwaka 2018. Basi Tanzania Bara ina majiji sita.

Saa chache baadaye twafika Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Morogoro ni manispaa. Hapa tusimame kidogo tufanye hesabu. Katika sensa ya mwaka 2022, Manispaa ya Morogoro ilikuwa na watu 471,409. Jiji la Tanga lilikuwa na watu 393,429. Je, yawezekanaje manispaa izidi jiji kwa watu? Yawezekana, kwa sababu cheo cha mji hakiji chenyewe kama mvua. Idadi ya watu hutazamwa, na mapato, na huduma zilizopo. Lakini mwishowe cheo ni amri ya serikali, iliyotangazwa katika Gazeti la Serikali.

Wako pia wanaodhani kwamba mji wenye kanisa kuu la askofu ni jiji. Hasha. Tabora na Songea ni makao ya maaskofu wakuu, lakini yote miwili ni manispaa. Mpaka wa jimbo la Kanisa na mpaka wa halmashauri ni vitu viwili mbalimbali.

Manispaa na jiji zinafanana kwa mengi. Kila moja ina madiwani waliochaguliwa na wananchi wa kata, nao humchagua mmoja wao awe meya. Kazi za kila siku husimamiwa na mkurugenzi, ambaye huteuliwa na Rais. Chini ya kata ipo mitaa, na kila mtaa una mwenyekiti wake.

Twaendelea. Baada ya kupita katikati ya mbuga ya wanyama twaingia Mikumi, mji wa hoteli na magari ya mizigo. Mikumi ni mji mdogo, tena umo ndani ya Halmashauri ya Wilaya ya Kilosa. Mbele zaidi, tukisha kupanda mlima Kitonga kwa kona zake za kutisha, twakuta Ilula na matenga ya nyanya na magunia ya vitunguu kando ya barabara. Nayo Ilula ni mji mdogo, katika Wilaya ya Kilolo. Hii ndiyo ngazi ya kwanza. Mji mdogo una baraza lake, lakini haujajitenga na wilaya. Ni kama kijana aliyejengewa chumba chake uani kwa baba. Eneo lake hugawanywa katika vitongoji, na wenyeviti wa vitongoji hivyo huingia katika baraza la mji.

Iringa yaonekana juu ya kilima. Jina lake latokana na neno la Kihehe lenye maana ya boma. Wadachi walijenga mji huu katika miaka ya 1890, wakati wa vita vyao na Mtwa Mkwawa, aliyekufa mwaka 1898. Leo Iringa ni manispaa. Tukiiacha twafika Mafinga, penye harufu ya mbao mbichi, kisha Makambako, penye njia panda ya Njombe na Songea na reli ya TAZARA. Mafinga na Makambako ni halmashauri za mji. Hizi zimetoka chini ya halmashauri ya wilaya na zina madiwani na mkurugenzi wao, lakini mkuu wa madiwani huitwa mwenyekiti, si meya. Na katika halmashauri za mji, mara nyingi utakuta mitaa na vijiji pamoja. Shika neno hili, tutalirudia.

Mwisho twashuka Mbeya, chini ya mlima Loleza. Mji huu ulianza katika miaka ya 1920, wakati watu walipokuwa wakikimbilia dhahabu ya Lupa. Sasa ni jiji, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 541,603. Ukitembea pembezoni mwa jiji utaona mahindi na viazi kati ya nyumba. Wenye mashamba hayo, ama wao ama wazazi wao, walikuwa wanakijiji kama wewe. Hawakuhama. Mji ndio uliowahamia.

Tusifikiri kwamba ngazi hizi ni za milele. Katika miaka ya 1970 serikali ilizivunja halmashauri za wilaya na za miji, na kazi zao zikapewa maofisa wa serikali kuu. Barabara na mitaro ya miji ikachakaa. Mwaka 1978 halmashauri za miji zikarudishwa, na sheria za mwaka 1982, pamoja na marekebisho yake, ndizo zinazotuongoza hata leo. Cheo cha mji hutolewa, tena huondolewa. Mwananchi na shamba lake hubaki pale pale.

Sasa, ndugu msomaji, tuje kwako. Tuseme kwamba mpaka wa mji umesogezwa na kijiji chako kimeingia ndani. Nini kitabadilika?

Kwanza, uongozi. Kijiji kina mkutano mkuu wa watu wazima wote na halmashauri yenye wajumbe 15 mpaka 25. Kwa sheria, halmashauri ya kijiji ni kama mtu kamili: yaweza kumiliki mali, kufanya mkataba, kushtaki na kushtakiwa. Mtaa hauna nguvu hiyo. Mwenyekiti wa mtaa huchaguliwa, huita mikutano na huandika barua za utambulisho, lakini mali ni ya halmashauri ya mji. Basi ule msitu wa kijiji, lile shamba la shule, ile mashine ya kusaga, vyote vyahitaji kuandikwa na kusemewa kabla kijiji hakijafutwa.

Pili, ardhi. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeiweka ardhi ya kijiji chini ya usimamizi wa halmashauri ya kijiji. Mwanakijiji aweza kupata hati ya hakimiliki ya kimila, nayo yaweza kuwa ya muda usio na kikomo. Lakini ardhi ya mjini ni ardhi ya jumla. Huko hupimwa viwanja, na hati hutolewa kwa miaka maalumu: 33, 66 au 99, pamoja na kodi ya ardhi kila mwaka. Tazama Dodoma. Kwa miaka mingi wakazi wa kule walipewa hati za miaka 33 na mamlaka iliyosimamia ustawishaji wa makao makuu. Mamlaka hiyo ilipovunjwa mwaka 2017, serikali iliagiza hati za miaka 99. Mtu yule yule, kiwanja kile kile, lakini miaka 66 zaidi. Waona jinsi karatasi ilivyo na uzito?

Tatu, maisha ya kila siku. Mjini hujengi nyumba bila kibali. Mbuzi na ng'ombe hawaachwi kuzurura, na sheria ndogo za mji zaweza kukutoza faini. Nyumba yako hulipiwa kodi ya majengo, ambayo tangu mwaka 2021 hukatwa unaponunua umeme wa LUKU.

Tusiseme mabaya tu. Mji huleta faida nyingi: barabara ya lami, taa, maji ya bomba, soko la karibu kwa mboga na maziwa yako. Kiwanja kilichopimwa kina thamani, na hati yake yaweza kuwa dhamana ya mkopo. Kijana aliyekuwa akienda mbali kutafuta kazi aweza kuipata karibu na kwao. Mji si adui. Adui ni kutojua.

Maana mara nyingi mambo huenda hivi. Mgeni mwenye adabu nyingi huja kijijini. Huyu amekwisha kuiona ramani, mwenyeji hajaiona. Hutoa fedha ambazo kwa mkulima ni nyingi, na ekari mbili huuzwa mchana mmoja kwa karatasi ya daftari. Baada ya miaka michache barabara yapita hapo, ekari zile zimekwisha kukatwa viwanja ishirini, na kiwanja kimoja tu chauzwa kwa bei ya ekari zote mbili. Watoto wa mwenyeji wapanga chumba katika ardhi ya babu yao. Hakuna aliyewaibia. Mzee wao aliuza bila kuuliza.

Basi twawashauri haya. Ulizeni katika mkutano mkuu, sasa na si kesho: Je, kijiji chetu kimo katika mpango wa mji? Tumesajiliwa kama kijiji au tumekuwa mtaa? Kama tulivyosema juu ya halmashauri za mji, kuwa ndani ya mji peke yake hakukifuti kijiji. Ombeni kuonyeshwa tangazo la serikali. Kama bado ni kijiji, fanyeni mpango wa matumizi bora ya ardhi na chukueni hati zenu za kimila. Pandeni miti au wekeni mawe penye mipaka, na majirani washuhudie. Risiti na mikataba iwekwe mahali pamoja. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Tena, akina baba, msifiche mambo ya ardhi. Sheria za mwaka 1999 zimempa mwanamke haki sawa ya kupata na kumiliki ardhi, na nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mke au mume. Hati yenye majina ya wote wawili huwalinda watoto siku mmoja anapofariki. Na ardhi ikitwaliwa kwa shughuli za umma, sheria yasema fidia iwe kamili, ya haki na ya upesi. Msitie sahihi karatasi ya tathmini kabla hamjasomewa na kuielewa.

Safari yetu imekwisha. Utakapopanda basi tena, tazama vibao vya kando ya barabara: mji mdogo, halmashauri ya mji, manispaa, jiji. Kila kibao kilisimikwa mahali palipokuwa shamba la mtu. Jioni ya leo, mkisha kula, waulizeni wazee nyumbani shamba lenu lapakana na nani kila upande, kisha mtoto anayejua kuandika vizuri aandike majina hayo na tarehe. Kazi hiyo haihitaji fedha, na haifai kungojea kibao.