Ukilala Pwani ya Mitwero, Uliza Kwanza

Ndugu msomaji, huenda mwaka huu baada ya mavuno utapata nafasi ya kwenda na jamaa zako kuiona pwani ya kusini. Ukiwa na hema, jamvi, chandarua na sufuria, hutahitaji nyumba ya wageni kila usiku. Lakini safari ya namna hii ina elimu yake, na elimu hiyo wanayo wenyeji. Haya, twende pamoja.

Toka Dar es Salaam mpaka Lindi ni yapata kilomita 450. Zamani mto Rufiji ulikuwa kizuizi kikubwa. Watu walivuka kwa pantoni pale Ndundu, na masika yakizidi walikaa wakingoja. Tangu mwaka 2003 liko Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu kilomita moja. Lakini usidhani kwamba maji yamekwisha kushindwa. Mwezi wa Mei 2024, kilipokuja kimbunga Hidaya, mafuriko yaliikata barabara upande wa Somanga, magari yakakwama huku na huku. Basi yafaa kusafiri kati ya Juni na Oktoba, wakati wa kiangazi. Tena usipige hema katika bonde la mto, hata likiwa kavu.

Tukifika Nangurukuru, tuiache njia kuu, tushike mkono wa kushoto mpaka Kilwa Masoko. Hapo tutapata kibali, kisha mashua itatuvusha mpaka Kilwa Kisiwani. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alifika hapa mwaka 1331, akausifu uzuri wa mji. Wareno waliuteka mwaka 1505. Waonyeshe watoto Msikiti Mkuu, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe, na magofu ya Husuni Kubwa, jumba la sultani juu ya bahari. Watajua kwamba babu zetu wa pwani walikuwa mafundi hodari.

Sasa turudi njia kuu, tuelekee kusini, tuvuke mto Mbwemkuru, tupite Mchinga. Kabla ya kuingia mji wa Lindi tutafika Mitwero. Hapa, msomaji, nikuambie yaliyotupata sisi.

Tulifika saa mbili usiku, mwezi mpevu uking'aa. Bahari ilikuwa imetoka mbali, na mchanga ulikuwa mpana na mgumu kama sakafu. Watoto walikuwa wamechoka. Tukapiga hema papo hapo, bila kumwuliza mtu. Mara akapita mzee mmoja mvuvi, kapu mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Mbona mmelala kitandani mwa bahari? Leo bamvua. Mwenye kitanda atarudi saa kumi."

Mmoja wetu alitaka kubisha, maana maji yalikuwa mbali sana. Lakini mzee hakuondoka. Aliweka kapu chini, akaanza kung'oa vigingi mwenyewe. Tuliona haya, tukamsaidia. Akatupeleka juu, penye majani yatambaayo, nyuma ya vichaka vizuiavyo upepo wa kusi. Saa kumi za usiku niliamshwa na kishindo cha mawimbi. Nilimulika kwa tochi: pale tulipopiga hema kwanza palikuwa maji matupu. Watoto walikuwa wamelala fofofo.

Wavuvi wanajua jambo hili tangu utoto. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huja bamvua: maji hujaa sana na kutoka sana, na pwani hii hujaa karibu na saa kumi, alasiri na usiku. Nusu ya mwezi huwa maji mafu, hayaendi mbali. Kwa hiyo, kabla ya kupiga hema, tazama mwezi, tazama mstari wa mwani na taka ulioachwa na maji, kisha panda juu yake zaidi.

Lakini kwanza nenda kwa mwenyekiti wa mahali, jitambulishe, uombe ruhusa. Uliza kisima kiko wapi, na maji hufika wapi. Usikate mikoko kwa kuni. Nunua kuni, samaki na mihogo kwa wenyeji, na asubuhi usiache taka.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Usiku ule wa Mitwero alikuja mwenyeji, na waliopona ni wageni.