Tulinyamazisha Usukani

Gari la usharika wetu ni Land Cruiser ya miaka ya 90, ile yenye ekseli nzima mbele. Limebeba saruji ya kanisa, wanakwaya, wagonjwa na majeneza. Mwaka mmoja baada ya mavuno dereva wetu alikuja ofisini akasema, "Baba Mchungaji, usukani unatetemeka. Nikipiga shimo nikiwa kwenye sabini, mbele panacheza mpaka nikaribie kusimama."

Tulimsikia, lakini hatukumsikiliza. Katika baraza la wazee tulisema anakimbiza gari. Tulinunua shokapu mpya ya usukani, ikafungwa, mtetemo ukatoweka. Tukamshukuru Mungu, kisha tukamwonya dereva mbele ya wazee wote aendeshe kwa adabu. Alikaa kimya.

Miezi mitatu baadaye tulikuwa tunampeleka mama mjamzito hospitali usiku. Tulipopita kwenye korongo dogo katika barabara ya changarawe, usukani ulianza kupigapiga kushoto na kulia hata mikono ya dereva ikashindwa kuutuliza. Alipunguza mwendo taratibu mpaka gari likatulia. Kutoka hapo tulikwenda polepole sana, huku mama akiugulia nyuma. Tulifika saa kumi alfajiri, na mtoto akazaliwa salama. Lakini sisi tuliokaa kando ya dereva tulijua kwamba tumeponea chupuchupu, tena tulijua ni nani aliyekuwa amesema kweli.

Fundi tuliyempelekea gari alianza kwa maswali. Alitueleza kwamba mtetemo unaokuja kwenye mwendo fulani na kupotea ukiongeza, mara nyingi ni balansi au tairi lililovimba. Ukija unapokanyaga breki, tazama diski. Ukianzishwa na shimo na kukataa kuisha mpaka upunguze mwendo, ujue kuna kitu kimelegea.

Akainua mbele kwa jeki, akaweka stendi, akalishika tairi juu na chini, akalitikisa. Likacheza. Akamwambia dereva akanyage breki, akalitikisa tena. "Lingetulia sasa, ningesema ni beringi za gurudumu," alisema. "Bado linacheza. Hizi ni beringi za kingpini." Alipofungua, tuliziona zimechimbika, na grisi imegeuka tope.

Tukauliza, "Na ile shokapu mpya?"

Akacheka. "Mchungaji, ile haiponyi. Inamshika mkono tu mtu anayetetemeka. Usukani ulikuwa unawaambia jambo, ninyi mkaunyamazisha."

Maneno hayo tulirudi nayo nyumbani. Ni mangapi tumeyanyamazisha usharikani? Ndoa inapotikisika, tunawapa wanandoa semina ya siku moja na kuwapiga picha wakitabasamu. Mama anayeuliza risiti za ujenzi tunamwita mkorofi. Na mioyo yetu wenyewe inapochoka, tunaongeza mikutano ili tusiisikie.

Chuo cha theolojia tulisoma hoja 95 za Luther za mwaka 1517. Ya kwanza inafundisha kwamba maisha yote ya mwamini yawe toba. Mtihani wake tulifaulu. Lakini ni kwenye gereji, tukiwa tumeishika ile beringi iliyokwisha, tulipoona jinsi toba ilivyo na kazi: kukubali kuinuliwa, kutikiswa na kufunguliwa mpaka pale palipolegea paonekane. Mwandishi wa Zaburi ya 139 anamwomba Mungu amchunguze. Sisi tulikuwa tumemwomba Mungu atutulize tu.

Beringi mpya zilifungwa, zikakazwa kwa kipimo chake. Lakini lilikuwa limebaki tengenezo moja ambalo fundi asingeweza kutufanyia. Dereva tulimwonya mbele ya wazee, kwa hiyo mbele ya wazee wale wale tulisimama tukasema, "Tulikukosea. Ulisema kweli, nasi tukakuaibisha. Tusamehe." Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Nimesamehe, Baba Mchungaji. Ila grisi isisahaulike tena."

Sasa grisi ya kingpini ina mstari wake katika bajeti ya usharika. Na dereva akibisha hodi ofisini, tunaweka kalamu chini kwanza.

Mpendwa msomaji, huenda nyumbani kwako yupo mtu aliyekuambia jambo zaidi ya mara moja, nawe ukamwona msumbufu. Kabla hujalala leo, mwombe alirudie, na umwombe Mungu akupe moyo wa kulisikia hadi mwisho.