Matumbo, maji na swali la nkambo



Mtoto wa dada yangu anasoma uuguzi Kalemie, mwaka wa kwanza. Likizo hii alikuja na daftari la anatomia na fiziolojia, lote kwa Kifaransa: mifupa 206, vyumba 4 vya moyo, utumbo mwembamba wa karibu mita 6. Anayakariri kwa sauti kila asubuhi, hata watoto wa jirani wameyashika. Siku moja nkambo wetu alimkatiza.

"Mjukuu, mtoto akiharisha, kila anachokunywa kinatoka. Mbona mnatuambia tumwongezee maji? Si mnaongeza kuhara?"

Msichana akanyamaza. Swali hilo si la ujinga. Kandokando ya ziwa nimesikia mama wengi wakiwaza hivyo, wakamnyima mtoto maji, na mtoto akaenda. Katika mtihani wake halimo. Natamani walimu waliweke, tena kwa Kiswahili, na lijibiwe kwa Kiswahili.

Baada ya siku mbili alileta jibu, akalichora mchangani. Ukuta wa utumbo si kama mpira wa bomba, alisema. Umejaa vidole vidogo sana, na vidole hivyo vina milango: mingine inatoa chumvi, mingine inaiingiza, na maji huifuata chumvi popote iendapo. Sumu ya kolera inafungua mlango wa kutoa na kuuacha wazi. Mtu mzima aliyeshikwa vibaya anaweza kupoteza hata lita 1 kwa saa. Damu inapungua maji, mapigo yanakuwa mepesi, macho yanaingia ndani, figo zinaacha kutengeneza mkojo. Ukifinya ngozi ya tumbo, inakawia kurudi. Na mtoto aliyezaliwa juzi, karibu robo 3 ya uzito wake ni maji; hana akiba ya kungoja kesho.

Lakini kuna mlango ambao kolera haiuharibu. Huo unapitisha sukari na chumvi pamoja, kama wasafiri wawili wenye tiketi moja. Moja ikikosekana, nyingine inabaki nje. Zikiingia zote mbili, maji yanazifuata.

"Basi kuhara kutakoma?" nkambo akauliza.

"Hapana, nkambo, si mara moja. Ila kinachotoka kinarudishwa."

Jambo hili lilipimwa kwa watu waliokimbia vita, kama wengi wenu. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, kambi ya Bongaon huko India ilishikwa na kolera, na serumu za kutia mshipani hazikutosha. Daktari Dilip Mahalanabis alichanganya chumvi na sukari katika maji, na ndugu wa wagonjwa ndio walionywesha. Vifo vilishuka kutoka karibu 30 kwa wagonjwa 100 hadi chini ya 4.

Kwetu kolera inarudi mara kwa mara, maana wengi tunakunywa maji ya ziwa. Pakiti ya ORS inachanganywa na lita 1 ya maji safi. Kama haipo: vijiko vya chai 6 vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa juu, ndani ya lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Onja: yasizidi chumvi ya machozi. Kipimo ni kipimo. Chumvi nyingi inadhuru. Mtoto akitapika, ngoja dakika 10, uanze tena polepole. Ziwa la mama lisikatizwe. Yakipita saa 24, mwaga, utengeneze mengine.

Akilegea au akishindwa kunywa, mpelekeni kituo cha afya upesi, huko watamtia serumu mshipani. Kutoka hapa Mpala hadi Kalemie njia ya ziwa ni ndefu. Bidoni ya mchanganyiko iingie mtumbwini pamoja naye, na maadamu anaweza kumeza, anyweshwe kijiko kwa kijiko njiani.