Mchunga Mbuzi wa Gont

Hadithi za uchawi na mazimwi zina ila moja: shujaa wake aghalabu huzaliwa mzima. Huja duniani na ushujaa wake, akaua zimwi, akaoa, ikawa basi. Adili wa Shaaban Robert namheshimu sana, walakini jina lake lilikwisha kumwamulia wema wake kabla sijafungua kitabu.

Vitabu sita vya Ursula K. Le Guin wa Marekani juu ya Earthsea, vilivyotoka kati ya 1968 na 2001, vimenipa furaha ya namna nyingine. Nchi yake ni visiwa, vyombo na pepo; mtu wa pwani hahitaji mfasiri. Ged, shujaa wake, ni mchunga mbuzi wa kisiwa cha Gont, mwekundu kama udongo (wachoraji kadhaa wa majalada walimfanya mweupe, na mwandishi alilalamika). Ana kipawa kikubwa, na kiburi kikubwa zaidi. Katika skuli ya uchawi ya Roke, mwenziwe Jasper, mwana wa wakubwa, humwita mchunga mbuzi. Neno hilo tu! Kwa ajili yake kijana yule aliita roho ya mfu mbele ya wenziwe. Katika ufa alioupasua kikatoka kivuli kikamrarua uso, na mkuu wa skuli akafa kwa kuuziba. Nina vijana wawili wa rika hilo nyumbani, na naona kila juma neno dogo likiwasha moto.

Nipendapo zaidi ni pale panapofuata, ambapo msomaji mwenye haraka hupapita. Ged apona, arudi masomoni akiwa nyuma ya wenziwe, mzito wa ulimi, mwenye makovu. Hapana tarumbeta. Rafiki yake Vetch amwambia jina lake la kweli, jambo ambalo katika nchi ile ni kumkabidhi mtu uhai wako, na amwambia wakati ambapo Ged mwenyewe hajiamini.

Baadhi ya wanazuoni wenzangu huviita vitabu hivi vya kitoto. Sioni utoto katika aibu iliyoandikwa kwa uaminifu namna hiyo, na ningependa wanafunzi wetu wa Kiswahili wajaribu kuandika kijana wa aina hii.

Katika Tehanu, kitabu cha nne, cha 1990, Ged amepoteza uchawi wake wote. Amerudi Gont, mtu mzima, na kazi anayoishika huko mlimani ni kuchunga mbuzi. Nilipofika hapo nilimkumbuka Jasper, nikacheka peke yangu.