Upande wa Kushoto

Nyumbani kwetu ilijulikana kwamba spika ya kulia imekufa. Hakuna aliyewahi kuuliza ilikufaje. Ilikuwa mojawapo ya zile habari za familia zinazorithiwa bila ushahidi, kama kwamba shangazi hali samaki wa ziwani, au kwamba mlango wa bafu lazima uunyanyue kidogo ndipo ufunge. Ukipanda gari la Baba, muziki unatokea mlango wa kushoto. Mlango wa kulia, upande wa dereva, kimya.

Gari lenyewe ni Toyota Celica ya 1996, lile toleo lenye taa nne za duara mbele. Baba alilinunua mwaka 2003, likiwa limetumika Japani. Mpaka leo sielewi mhasibu mwenye watoto watatu alifikiria nini aliponunua gari la michezo lenye milango miwili. Kiti chake cha nyuma hakikutengenezwa kwa ajili ya viumbe wenye magoti. Siku lilipoletwa Mama alisema maneno mawili tu: "Na watoto?" Baba akajibu kwamba watoto ni wembamba.

Mwaka jana nilipata pesa kidogo ya ziada kazini nikaamua kumfungia Baba redio mpya. Niliwaambia watu kwamba redio ya zamani imechoka, na ni kweli ilikuwa imechoka. Lakini sababu niliyobaki nayo moyoni ni kwamba mimi na Baba tulikuwa hatuna la kuzungumza. Si kwamba tuligombana. Tulisalimiana vizuri, shikamoo marahaba, kazi inaendaje, inaendelea, halafu basi. Nilitaka kitu cha kufanya naye ambacho hakihitaji maneno mengi, na gari ndicho kitu pekee ninachojua anakipenda bila kuona aibu.

Redio iliyokuwamo ilikuwa ya kiwandani, ya kanda, na maandishi yake nusu ni ya Kijapani. Aliyewahi kumiliki gari la Japani anaijua shida yake. Kule FM huanzia 76 na kwa redio za zamani huishia 90, wakati huku kwetu huanzia 87.5 mpaka 108. Kwa hiyo redio ya Mjapani ikifika Dar es Salaam inakuwa kama mgeni aliyealikwa harusini akasimamishwa mlangoni: anasikia kidogo tu cha mwanzo. Dawa ya mtaani ni kile kikopo kidogo kinachochomekwa kwenye waya wa antena na kuyashusha masafa, ili stesheni ya 100 uipate kwenye 88 au hapo karibu. Baba alifungiwa kikopo hicho. Lakini masafa ya upana wa zaidi ya 20 hayaenei kwenye dirisha la 14, kwa hiyo stesheni nyingine hazikupatikana kamwe. Alizoea. Alikuwa na kanda zake, nyingi za rumba ya Kongo ya miaka ya 1980, na alizisikiliza mpaka nyingine zikaanza kuyumba sauti kama mtu anayeongea akiwa ndani ya maji.

Nilinunua Kariakoo redio yenye Bluetooth na jozi moja ya spika za inchi sita na nusu za milango ya mbele. Muuzaji alitaka kuniongezea sabufa ya kwenye buti. Nilikataa, ingawa nakiri nilisimama pale dakika kumi nikiiangalia. Kwenye boksi la redio waliandika wati 50 mara nne. Usiamini. Hizo ni wati za kilele, za kufumba na kufumbua. Redio ya namna hiyo, bila amplifaya ya pembeni, inatoa kwa uhakika kama wati 15 hadi 20 kwa kila spika, na kwa gari dogo zinatosha sana.

Baba alinipa ufunguo Jumamosi asubuhi bila maswali. Nilimwomba twende wote, akasema ana kichwa. Nikaenda mwenyewe.

Fundi nilielekezwa na mtu wa kazini, kijana mkimya mwenye banda dogo Ilala. Nilimpenda kwa sababu kabla ya kugusa chochote alichukua kalamu akachora. Toyota wana soketi mbili nyuma ya redio, moja ya pini 10 na moja ya pini 6. Ile kubwa hubeba umeme, ethi na spika za mbele, ndogo hubeba spika za nyuma. Akanionyesha mtego. Kwenye redio mpya za dukani waya mweusi ni ethi. Kwa Toyota ethi ni kahawia, na mweusi ni wa spika ya nyuma kushoto. Waya wa njano wa redio mpya ni umeme wa betri usiokatika, wakati wa njano wa Toyota kwenye ile soketi ndogo ni mwenzake na yule mweusi, wa spika ileile. "Wengine wanaunganisha rangi kwa rangi, dada," alisema. "Mweusi kwa mweusi, njano kwa njano. Wanachoma redio ya mtu halafu wanasema ilikuwa feki."

Kisha akatoa mfukoni betri moja ya rimoti na vipande viwili vya waya. Hivyo ndivyo mafundi wanavyopima spika: unagusisha betri kwenye nyaya zake kwa nusu sekunde, na kama ni nzima inatoa mlio mdogo, *tap*, koni inacheza kidogo. Akagusa ya kushoto. *Tap*, lakini wenye mkwaruzo. Akagusa ya kulia.

*Tap*.

Akagusa tena. Mlio safi kabisa.

"Hii si umesema imekufa?"

Nikamwambia imekufa miaka mingi. Hakubishana. Alirudisha redio ya zamani kwenye soketi zake, akawasha, ukaanza muziki wa kushoto kama kawaida. Kwenye redio hizo kuna vitufe vidogo vya kuzungusha vinavyozama ndani, ukivisukuma vinachomoza. Akakichomoza kimoja, akakizungusha taratibu. Na mlango wa kulia, ambao sikuwahi kuusikia tangu nikiwa sekondari, ukaanza kuimba.

"Balansi," fundi alisema. "Mtu aliizungusha yote kushoto." Akanyamaza kidogo akifuta mikono, kisha akauliza kwa ile sauti ya chini ambayo watu hutumia wakiogopa kukosa adabu: "Samahani dada. Mzee anasikia vizuri masikio yote?"

Nilisema ndiyo. Nilisema haraka, kama mtu aliyetuhumiwa.

Akaendelea kufungua mlango. Spika ya kushoto tulipoitoa, koni yake ilikuwa imechanika pembeni kwa kufanya kazi peke yake miaka yote hiyo katika joto na chumvi ya Dar. Ya kulia ilikuwa nzima. Nilikaa kwenye benchi la fundi nikiwa nimeishika mapajani, na mambo yakaanza kuja moja moja, bila kuitwa. Baba hupokea simu kwa mkono wa kushoto ilhali si mtu wa shoto. Sebuleni kiti chake kiko pembeni kabisa, ukuta uko kuliani kwake, na aliwahi kumfokea kaka kwa kukihamisha. Tukitembea barabarani humzunguka mtu mpaka awe kushoto kwake. Nilidhani ni ustaarabu wa watu wa zamani.

Nikampigia Mama.

"Sikio la kulia?" Mama alisema, kana kwamba nimemuuliza bei ya sukari. "Tangu 2010. Aliamka siku moja limeziba. Akasema ni mafua. Kufika kwa daktari miezi miwili imepita, akaambiwa angewahi siku zilezile za mwanzo labda. Alinikataza kuwaambia."

"Kwa nini?"

"Muulize mwenyewe. Mimi nilikatazwa."

Sasa lazima niseme jambo ambalo halihusu redio.

Juni 2012 nilikuwa kidato cha nne, likizo. Tulikuwa tunatoka Morogoro, mimi, Baba na Bibi. Bibi alikaa mbele, kushoto, amelala tangu tulipoanza safari. Mimi nilikuwa nyuma ya Baba, magoti kidevuni. Dirisha lake lilikuwa wazi na muziki unapiga. Nilikuwa nimejipanga wiki nzima. Tulipoipita Chalinze nikasema, kwa sauti niliyoona inatosha: "Baba, mimi sitaki PCB. Nataka kusoma HKL."

Kwa msiosoma huku: PCB ni Fizikia, Kemia na Biolojia, mchepuo ambao kila mzazi anauona ndio mlango wa udaktari. HKL ni Historia, Kiswahili na Kiingereza. Mzazi anauona kuwa mlango wa kukaa nyumbani.

Baba hakujibu. Hakugeuka, hakutikisa kichwa. Aliendesha. Nilisubiri mpaka Mlandizi, labda anatafakari. Kibaha nikajua. Nilijiambia hilo ndilo jibu lake, kwamba jambo lenyewe halistahili hata hapana. Tulipofika nyumbani nikajaza PCB, na sikurudia kumwambia kitu chochote cha maana kwa takribani miaka kumi na tatu. Leo nafanya kazi maabara. Siichukii. Naandika usiku.

Sikumwambia fundi haya. Nilimwuliza tu: mtu mwenye sikio moja, redio mpya umtegeshee vipi?

Alifikiri vizuri, na hapa ndipo aliponifundisha jambo ambalo sikuwa nalijua. Ukizungusha balansi yote kushoto, alisema, hauihamishi sauti ya kulia, unaizima. Muziki wa stereo una njia mbili, na katika rekodi nyingi vyombo vimegawanywa: hiki zaidi huku, kile zaidi kule. Katika rumba ya Kongo hilo si jambo dogo, maana ni muziki wa magitaa yanayosemezana: solo, ridhimu, na katika bendi kama TPOK Jazz lile la katikati waliloliita mi-solo. Mzee wangu, kwa miaka yote ile, alikuwa anasikiliza nusu ya mazungumzo.

"Ila simu inaweza kumsaidia," fundi alisema. Ndani ya mipangilio ya simu, kwenye sehemu ya ufikivu iliyowekwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu, kuna chaguo la sauti mono. Ukiiwasha, simu inachanganya njia mbili kuwa moja kabla ya kuituma kwenye redio. Hapo ukivuta balansi kushoto hupotezi kitu. Kila gitaa linatoka mlango uleule.

Alimaliza saa kumi jioni. Viungo alivipiga risasi kimoja kimoja, hakusokota tu na kuzungushia tepu. Redio mpya ilikuwa nyembamba kuliko nafasi ya Toyota, yenye upana wa milimita 200 badala ya 178 za kawaida, kwa hiyo pembeni akaweka vipande vya plastiki. Ndani ya milango alibandika shiti za mpira mzito kuzuia bati lisitetemeke. Spika ya kulia nilimwambia afunge tu, mpya. Nilikuwa nimeshailipia, na siku nyingine nitaendesha mimi.

Jumapili nikamwambia Baba twende tukaijaribu. Alikaa kwenye usukani, mimi kushoto. Nilikuwa nimemwekea nyimbo zake kwenye simu yake, nikawasha mono, nikavuta balansi. Sikusema chochote. Tukatoka Tabata, tukashika Barabara ya Mandela, foleni ya Buguruni ikatusimamisha.

Wimbo ulifika pale ambapo waimbaji hunyamaza na magitaa yanaachiwa uwanja. Baba akapunguza mwendo ingawa foleni ilishafunguka. Mtu wa daladala nyuma yetu akapiga honi.

"Huyu wa gitaa la pili," alisema, "alikuwa wapi?"

"Alikuwa kulia."

Akaitazama redio, kisha barabara, kisha akanitazama mimi kwa muda mfupi. Mkono wake wa kulia ukapanda mpaka sikioni, akalishika kama mtu anayehakikisha kitu bado kipo mfukoni.

"Mama yako hana kifua," alisema.

"Nilimlazimisha."

Tukafika mbali kidogo. Nikapunguza sauti ya redio.

"Baba. Mwaka 2012, tukitoka Morogoro na Bibi, nilikwambia sitaki PCB. Nilisema nataka HKL. Tulikuwa tumeshaipita Chalinze."

Alinyamaza, na safari hii niliona kwamba ni kimya cha mtu anayetafuta. Midomo ilikuwa inacheza kidogo, kama anahesabu.

"Bibi yako alikuwa anakoroma," alisema hatimaye. "Hilo nakumbuka. Alikuwa upande wa sikio." Kisha: "Ulikaa nyuma yangu?"

"Nyuma yako."

"Na ulisema mara moja tu?"

"Mara moja tu."

Akatikisa kichwa taratibu, mara nyingi. Nilidhani ataomba msamaha na niliogopa, kwa sababu sikujua ningeuweka wapi. Akavuta gia, akayapita magari mawili, ile Celica ikaunguruma kama bado iko 1996.

"Sasa hiyo HKL," aliuliza, "ungefanyia kazi gani?"

Nikaanza kumweleza.