Mkono Ulioachiwa

Kwetu Tanga ukitaka kuvuruga kikao cha wasichana, uliza swali moja tu: sehemu gani ya mapenzi kwenye filamu imekuingia zaidi? Hapo hapo chai itapoa. Mmoja atakutajia wimbo wa kwenye mvua. Mwingine atakutajia busu la filamu ya Kizungu, alilolitazama macho nusu kayafumba kwa sababu kaka yake alikuwa amekaa pembeni. Watabishana mpaka adhana ya magharibi.

Mimi ninazo sehemu tatu, na zote tatu zina mkono ndani yake. Sikupanga iwe hivyo, nimekuja kugundua baadaye.

Ya kwanza ni ya City Lights, filamu ya Charlie Chaplin ya mwaka 1931. Maskini mmoja wa mitaani anampenda muuza maua kipofu, naye msichana anadhani kapendwa na tajiri. Yule maskini anahangaika mpaka anampatia fedha za kutibiwa macho, na fedha hizo hizo zinampeleka jela. Anapotoka, nguo zimechanika, anapita mbele ya duka la maua. Msichana sasa anaona. Kwanza anamcheka, kisha anamhurumia, anataka kumpa ua na sarafu. Anamshika mkono ili amtilie sarafu kiganjani, na vidole vinamwambia kitu ambacho macho hayakumwambia. Basi, filamu inaishia hapo. Kama alimkubali au alimkataa, hatuambiwi.

Ya pili ni ya Shree 420, ya mwaka 1955. Raj Kapoor na Nargis, mvua, mwavuli mmoja. Kila mmoja anaogopa kusogea karibu na anaogopa vilevile kubaki nje. Hawana chochote zaidi ya kile kijiti cha mwavuli wanachokishika. Shangazi yangu kila tukiitazama hunikumbusha kwamba wale watoto watatu wanaopita na makoti ya mvua ni watoto wa Raj Kapoor mwenyewe. Hulisema kwa fahari, ungedhani ni watoto wa jirani.

Na ya tatu ndiyo iliyoniletea kalamu mkononi. Ni Dilwale Dulhania Le Jayenge, iliyotoka Oktoba 1995, ambayo ukumbi wa Maratha Mandir kule Mumbai uliendelea kuionyesha kwa zaidi ya miaka 25. Shangazi haitaji kwa jina hilo refu. Yeye husema "ile ya treni".

Wengi mnaijua. Simran amekulia London, baba yake ana duka. Anasafiri Ulaya mwezi mmoja, anakutana na Raj, moyo unakwenda. Baba akisikia, anafungasha familia nzima kurudi Punjab kumwoza kwa mtoto wa rafiki yake. Raj anamfuata huko. Mama yake Simran anapogundua, anawaletea vito vyake vya dhahabu, anawaambia waondoke. Raj anakataa. Anataka apewe binti na mkono wa baba yake, si kumwiba.

Mwisho wake ni kituo cha treni. Raj amepigwa, uso una damu, yuko mlangoni pa behewa. Simran anataka kukimbia, lakini baba kamshika mkono. Treni inaanza kutembea. Analia, anaomba. Baba hasemi, kakaza tu. Halafu anauachia. Anamwambia aende, hatapata mwingine wa kumpenda kuliko yule. Na Simran anakimbia.

Kanda ya Shangazi ilikuwa imechakaa pale pale. Ukiweka, picha nzima ni safi, ukifika kwenye treni zinaanza chenga. Nilipokuwa mdogo nilifikiri deki yake ni mbovu. Mama ndiye aliyenieleza. Mwaka 1997 alikuja seremala mmoja kumposa Shangazi. Babu akajibu neno moja tu: hatuwajui kwao. Shangazi hakubisha. Aliolewa na waliyemjua kwao, akakaa miaka minne, akarudi nyumbani na sanduku na ile kanda. Kila alipofika kwenye treni alikuwa anarudisha nyuma, anatazama tena. Anarudisha, anatazama.

Sasa niseme la kwangu.

Barua ya posa yangu ililetwa na wazee wawili, wakakaribishwa, wakanywa kahawa, wakaaga vizuri. Baba akaiweka juu ya kabati la vyombo. Ikakaa wiki, ikakaa mwezi, ikaingia wa pili. Nikipangusa vumbi naipangusa nayo. Ukimuuliza anasema, "Nitawajibu." Na kwetu binti haozwi bila walii wake, kwa hiyo ile bahasha ndiyo maisha yangu, imelala baina ya birika na sahani za wageni.

Usiku mmoja Mama akaniita jikoni. Akanifungulia leso. Ndani mlikuwa na nauli na bangili yake moja. Hakusema kitu. Nikaangalia ile bangili, wallahi nikajiona nimo ndani ya sinema.

Nikamrudishia. Msinisifu. Raj alikataa kwa ushujaa. Mimi nilikataa kwa woga, na kwa kuwa namtaka Baba siku ile awepo, amevaa kanzu yake, anatoa idhini kwa sauti watu wasikie. Lakini usiku huo sikulala. Nilikuwa nauliza kitu ambacho sikuwahi kuuliza miaka yote: mkono si wa Simran? Kwa nini mpaka uachiwe? Na kama yule mzee asingeuachia, treni si ingekwenda zake, na sisi tungeziita chozi na heshima? Sehemu ninayoipenda kuliko zote ndiyo hiyo hiyo inayoniudhi kuliko zote. Naipenda kwa sababu aliachia. Inaniudhi kwa sababu ilibidi aachie.

Jumapili iliyofuata Shangazi alikuja. Siku hizi filamu iko kwenye kiflashi, haina chenga tena. Akaichomeka kwenye televisheni bila kuomba ruhusa. Baba alikuwa na gazeti lake. Ilipofika Punjab gazeti lilikuwa limeshuka mapajani. Ilipofika treni hakuna aliyekohoa.

Mkono ukaachiwa. Shangazi akasema, polepole, "Yule mzee aliachia, Kaka."

Baba akasema, "Yule ni wa sinema."

"Naam. Wetu hakuwa wa sinema."

Baba akainuka, akaenda kusali. Shangazi akachomoa kiflashi chake, akakifunga kwenye pindo la kanga, akaondoka bila kungoja chakula.

Hayo yalikuwa wiki iliyopita. Jana asubuhi Baba aliniuliza kitu kimoja, mgongo kanigeuzia, anatafuta viatu vyake: "Huyo kijana, babu yake anaitwa nani?"

Si jibu, najua. Lakini mtu huwa haulizi jina la babu wa kijana aliyekwisha mkataa. Nikamtajia. Akalirudia mara mbili, taratibu, akatoka.